Jumamosi mtaani kwetu wenye nyumba hawapo

Mtu akitaka kuujua mtaa wetu vizuri mimi humwambia asije siku ya kazi. Siku ya kazi ataona magari yanatoka asubuhi vioo viko juu, yanarudi usiku vioo bado viko juu, ataangalia mageti, atasema hapa wanakaa wakubwa, ataondoka zake. Aje Jumamosi saa nne asubuhi. Hapo ndo atawaona wenye mtaa, na karibu wote hawana hati ya hata tofali moja la hizo nyumba.

Niko Dodoma, upande wa Ipagala, huku kwenye majumba mapya, ukitokea Ilazo unaendelea mpaka lami inakuishia. Nina steshenari kwenye kona: fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, kalamu, na friji la soda kwa sababu karatasi peke yake hailipi kodi ya fremu. Mtu wa steshenari anajua mengi kuliko mjumbe wa nyumba kumi, maana mtu akishakupa flashi umprintie barua ya mkopo hana siri tena kwako, ila hayo siyaandiki humu. Ninayoandika ni yale yanayopita mbele ya mlango, kila mwenye macho anayaona.

Mfano usaili wa Utumishi, ule wa ajira za serikali, ukifanyika pale chuo kikuu, UDOM. Wiki hiyo utajua tu bila kuambiwa na mtu, vijana wenye mashati meupe yaliyokunjwa ndani ya begi wanashuka Nzuguni stendi usiku, asubuhi wako mlangoni kwangu wanataka cheti kifanyiwe fotokopi, wengine wametoka Kigoma huko, wamelala kwa ndugu wa ndugu, anakuuliza bei ya chai kabla hajakuuliza bei ya fotokopi. Hao huwa siwatozi ile kopi ya kwanza. Siyo ukarimu sana, wakipata kazi watarudi kukaa hukuhuku na watakuwa wateja.

Maana watu wa mtaa huu wengi ndo walivyokuja, kwa barua. Uamuzi wa makao makuu kuja Dodoma ni wa 1973, CDA, mamlaka ya kuustawisha huo mji mkuu, ikaundwa mwaka huohuo, halafu watu wakasubiri. Kuna wazee hapa wamesubiri serikali tangu vijana mpaka wakaota mvi, na wengine wakazikwa wakisubiri. Afu Julai 2016 Magufuli akasema tunahamia, watu wakajua ni yaleyale, kumbe safari hii kweli, Mei 2017 CDA yenyewe ikavunjwa, 2018 tukawa jiji, 2019 Mji wa Serikali Mtumba ukazinduliwa, na huku kwetu mashamba ya uwele yakaota mageti. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956 Dodoma mjini, ya 2022 ikatukuta 765,179. Hao walioongezeka ukiondoa watoto waliozaliwa hapa, wengi wamekuja na barua ya uhamisho mkononi au wamemfuata aliyekuja nayo, wamjengee, wampikie, wamwendeshe, wamuuzie.

Sasa barua ya uhamisho inahamisha mtu mmoja. Haihamishi mke mwenye kazi yake Dar, haihamishi watoto walioshazoea shule, haihamishi nyumba ya Mbezi ambayo bado inakatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo mtu anajenga huku kwa sababu kiwanja kilipatikana na wenzake wote wanajenga, anaweka geti, anaweka paving, anapanda miashoki kwa mstari kuzunguka ukuta, anaweka dada wa kazi na mlinzi, halafu yeye mwenyewe ni mtu wa Jumatatu mpaka Ijumaa mchana.

Zamani kidogo ilikuwa afadhali. Kwenda Dar kwa basi ni kutwa nzima barabarani, tochi za trafiki kila kijiji, ukifika Kibaha ndo foleni inaanza, kwa hiyo watu walikuwa wanaenda mwisho wa mwezi tu. Wikiendi zingine walikuwa wanabaki, wanaboreka hapa mtaani, wanatoka na kaptura na malapa wananunua vocha, mnaanza kujuana. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024 hayo yakaisha. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na 31,000, mwendo ni saa tatu na ushee mpaka nne hivi, mtu anatoka ofisini Mtumba Ijumaa, usiku anakula wali kwake na wanawe. Na mimi siwezi kumlaumu, ningekuwa na watoto Dar hata mimi msingeniona. Lakini mtaa umebadilika, hilo lazima tuliseme.

Ijumaa kuanzia saa tisa alasiri utasikia magurudumu ya mabegi kwenye changarawe. Krrrr, geti linafungwa. Krrrr, lingine. Boda wa kijiweni wanajua kabisa nani ni wa treni ya saa ngapi, hawapigiwi simu, wanaenda tu kupaki kwenye geti la mtu na kumngoja, na ukimchelewesha boda Ijumaa atakukasirikia maana ana wengine wawili nyuma yako. Ikifika saa mbili usiku mtaa umenyamaza, taa za nje zinawaka nyumba hazina mtu ndani, na kwa mbali unaona taa za UDOM kule mlimani.

Mwenye genge wa hapa kona, mama mmoja wa makamo ambaye mimi namwita mama tu na yeye ananiita mwanangu japo tumepishana miaka michache, ameshapanga biashara yake yote kwa ratiba ya treni. Jumatatu mpaka Alhamisi analeta perege wa Mtera, anawakaanga mapema, saa kumi na mbili jioni wameisha. Ijumaa haleti samaki kabisa. Nikamuuliza kwa nini asilete hata wachache, akaniambia "nimlishe nani, mlinzi? Mlinzi anataka dagaa." Kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi genge linakuwa lingine: mlenda mkavu wa unga, dagaa, nyanya chungu, choroko, karanga, na mafuta ya alizeti ya kupima kwenye chupa ndogo. Pilipili hoho na karoti na matikiti, vile vya watu wa friji, vinarudi Jumatatu. Faida iko siku za kazi, ananiambia, ila mazungumzo yako Jumamosi.

Na ni kweli. Jumamosi mtaa unatoka nje. Madada wa kazi wanafua nje ya geti siyo ndani, kwa sababu ndani hakuna wa kuongea naye, wanatandaza nguo za mabosi juu ya michongoma, wanasukana. Walinzi wanatoa viti na redio. Kuna mmoja, mlinzi wa ghorofa la kijivu, wiki nzima huwezi kumsikia sauti ila Jumamosi anakuwa mchambuzi wa mpira anayeweza kubishana na mtaa mzima. Watoto wa zile nyumba za nyuma, zile za zamani za wenyeji ambazo ramani haijazifikia vizuri, wanakuja kuchezea baiskeli kwenye paving za watu. Hakuna anayewafukuza. Na mbuzi wanapita.

Hao mbuzi ni wa mzee mmoja Mgogo, nyumba yake iko nyuma kule kwenye mibuyu miwili, na kabla ya upimaji alikuwa analima uwele hapahapa nilipo mimi na steshenari yangu. Ananionyesha mpaka mahali kichuguu kilikuwepo. Mbuzi wanachungwa na mjukuu wake, kijana wa kama darasa la sita, fimbo mkono huu na simu mkono ule, anawapitisha kwenda korongoni na kurudi. Siku ya kazi anawapitisha mbali kwa kuogopa magari, na pia kwa kuogopa maneno, maana kuna wenye nyumba hawataki kuona kinyesi cha mbuzi mbele ya geti, na sheria ndogo za jiji kuhusu mifugo kuzurura zipo, mgambo wakiamua wanakuja. Jumamosi anakata katikati ya mtaa na mbuzi wake wote na hakuna anayesema kitu.

Sasa niwaambie ya maji.

Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka visimani, visima vya Mzakwe kule Makutupora, na mvua yenyewe huku inanyesha Desemba mpaka Aprili basi, miezi mingine yote ni jua na upepo, sa hivi tuko kwenye upepo huu wa Septemba ambao ukianika shati jeupe saa nne, saa sita lina rangi ya barabara. Kwa hiyo kuna mgao, na mgao ndo kalenda halisi ya mtaa huu. Kila nyumba ya geti ina simtanki juu ya mnara. Nyumba za nyuma zina madumu. Maji yakitoka, mara nyingi usiku, mwenye tenki anajaza akiwa usingizini na mwenye madumu anakesha.

Tuna grupu la mtaa la WhatsApp. Kila wiki kuna mtu anaandika akiwa Dar: "Wapendwa maji yametoka?" Na anayemjibu ni dada wa kazi wa nyumba nyingine kabisa, kwa sababu madada ndo wanaojua, wameingizwa kwenye grupu kwa ajili hiyohiyo. Nimeona mtu mzima, mkurugenzi wa kitu fulani, anamuuliza binti asiyemjua hata sura kama tenki lake limejaa, na binti anatoka nje usiku anagonga ukuta wa jirani, anasikiliza, anarudi kuandika "limejaa bosi". Anajibiwa na kidole gumba. Hiyo ndo shukrani yenyewe.

Basi Jumamosi iliyopita maji yakatoka mchana, kitu ambacho hakitokei mara nyingi. Kwenye nyumba moja ya geti jeusi, tenki lilikuwa limeshajaa tangu usiku, na lile boya la ndani ambalo kazi yake ni kufunga maji tenki likijaa lilikuwa limekufa siku nyingi, dada wa pale alishasema, fundi alishaahidiwa kuletwa. Koki kubwa ya kufungia iko kwenye kistoo na funguo ya kistoo anayo mwenye nyumba, yuko nayo Dar, aliwahi kusikia kwamba kuna madada wanauza maji ya mabosi wao mabosi wakisafiri. Kwa hiyo maji yakaanza kumwagika juu ya mnara na binti hana la kufanya.

Mimi niliyaona yakitokea chini ya geti. Mwanzo ulikuwa mstari mwembamba tu, ukafuata ungio la paving mpaka mwisho, ukaangukia kwenye mchanga wa barabara, hapo maji yakawa hayaendi tena mbele, yanapanuka tu pale pale. Mchanga wetu unakunywa. Unayaangalia maji yanaingia chini na huwezi kuyaita yarudi. Mama wa genge aliacha mizani yake akaja na beseni na kopo la blubendi, akapiga magoti, akaanza kuchota pale maji yalipokuwa na kina cha vidole viwili, anamwambia mtoto aliyekuja naye "juu juu, usifike mchanga, juu juu." Kopo likigusa chini kidogo tu maji yote yanachafuka inabidi usubiri yatulie. Walishachota nusu beseni hivi, wanawake wa nyumba za nyuma wameshafika na ndoo, wanaangalia, kila mmoja anajua haya ya chini hayatoshi na juu pale yanamwagika kama mvua.

Ndipo yule dada akafungua geti. Hakuna aliyemwambia. Alifungua tu mbawa zote mbili akasema "jamani njooni mkinge hukuhuku, yanapotea." Watu wakaingia, wakapanga ndoo chini ya mnara, hakukuwa na kelele wala kusukumana, kila mmoja akajaza akatoka akarudi. Mimi mwenyewe nilipeleka madumu yangu ya dukani, kwa nini niseme uongo.

Na mbuzi nao wana pua. Wakati ule ndo walikuwa wanarudi korongoni, jua kali, kijana yuko nyuma na simu yake, wale wa mbele wakafika kwenye ule mchanga uliolowa wakaanza kulamba, wakafuata maji mpaka getini, geti liko wazi, ndani kuna kivuli na bustani. Kabla mtu hajageuka mbuzi kumi na kitu wako ndani. Waliacha maji. Miashoki michanga ile ya kwenye mstari waliipandia kwa miguu ya mbele wakaipukutisha moja baada ya nyingine, sukuma wiki ikaisha, kuna ua moja sijui linaitwaje lilikuwa kwenye chungu cheupe, chungu kikavunjika. Wanawake wakaacha ndoo wakaanza kufukuza kwa kanga, mlinzi wa ghorofa la kijivu akaja mbio, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Dakika tano hazikufika, ila miashoki ilikuwa imeshakuwa vijiti.

Kuna mtu akarekodi video. Ikaingia kwenye grupu.

Mwenye nyumba alijibu haraka kuliko siku zote. Aliandika: "Nani kafungua geti langu?" Soma tena hiyo. Hakuuliza maji yamemwagika kwa muda gani, hakuuliza dada yuko salama, aliuliza geti. Baada ya hapo ikaja voisi noti ndefu, ikaja nyingine, anataka mwenye mbuzi atambuliwe, anataka mgambo, anataka alipwe miashoki, mche mmoja kanunua bei gani na kausafirisha kutoka wapi. Grupu likanyamaza. Wale wa Dar wakaanza kuweka "pole sana kaka". Wale wa huku hawakuandika kitu, lakini blutiki zote zilikuwa zimeshawaka.

Mwenyekiti wa mtaa, ambaye kwa kweli ni mtu mwenye subira, akasema Jumapili jioni tukutane kwake chini ya mwarobaini, na mwenye nyumba kama hajarudi ataunganishwa kwa simu. Na ndivyo ilivyokuwa. Tulikaa watu kama ishirini hivi, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine kwenye matofali. Mzee alikuja na mjukuu wake, amevaa koti japo kuna joto, akasalimia "mbukwenyi", wenyeji wakaitika, sisi wa kuja tukampa shikamoo zetu. Simu ikawekwa lauspika juu ya stuli. Mwenye nyumba alikuwa ukumbini kwenye harusi ya mtu, nyuma kunasikika MC, ikabidi tusubiri kwanza atoke nje.

Akaongea kwa heshima, hilo nampa. "Mheshimiwa mwenyekiti, mzee wangu shikamoo, mimi sina ugomvi na mtu, nataka tu utaratibu ufuatwe, hili ni jiji, mifugo haiwezi kuzurura kwenye makazi." Sheria iko upande wake, kila mtu alijua. Mwenyekiti akamwambia mzee aseme.

Mzee alikaa kimya kidogo halafu akaongea akiiangalia ile simu kama mtu aliyekaa mbele yake. Akasema mbuzi ni wake, walikula, hakatai. Akasema mjukuu ana makosa, alikuwa anaangalia simu, ameshamwadhibu. Afu akasema, "Ila baba, mbuzi wangu walifuata maji. Kwangu hawajanywa maji ya bomba tangu Jumatano. Sasa mimi nauliza, haya maji yaliyotoka nje mpaka barabarani mbuzi akayaona, yalikuwa ya nani?"

Simu ikawa kimya. MC anasikika kwa mbali anaita wazazi wa bwana harusi.

Mwenyekiti akamwita dada. Huyu binti, wa kama miaka ishirini na moja, mtu wa Kondoa, wiki nzima hutamsikia, akasimama akaeleza moja kwa moja: boya limekufa lini, alimwambia bosi lini, funguo ya kistoo iko wapi. Hakulia, hakuomba msamaha. Kasema alifungua geti kwa sababu maji yakiisha kumwagika bure watu wangemsema yeye, siyo bosi, maana bosi hayupo wa kusemwa. Hapo nilimwona mama wa genge anatikisa kichwa polepole, na mlinzi wa ghorofa akaguna.

Mimi nilichokipenda kwenye kikao kile ni kwamba hakuna aliyemshinda mwenzake. Huku kwa Wagogo wazee wanajua kumaliza jambo bila kumvua mtu nguo. Ikaamuliwa hivi: mzee atoe magunia ya samadi, yakawekwe kwenye bustani miashoki ipandwe upya, na kwa samadi ya mbuzi itashika vizuri kuliko ile ya mwanzo, alisema mwenyewe mzee na akacheka. Mwenye nyumba anunue boya, fundi yupo hapahapa mtaani ni suala la kumpigia tu, na funguo ya kistoo iachwe kwa dada. Hili la mwisho lilimsumbua. Alijaribu kusema atamwachia jirani, akaulizwa jirani gani, akataja mmoja, tukamwambia huyo naye yuko Dar. Akataja mwingine. Naye yuko Dar. Kuna mtu nyuma kule akasema kwa sauti "mwachie mbuzi", watu wakacheka mpaka yeye mwenyewe kwenye simu akacheka, na nadhani hapo ndo kikao kiliisha, funguo ikarudi Jumatatu na sasa iko kwa dada.

Kuhusu mjukuu, mwenyekiti alisema apitishe mbuzi njia ya nyuma siku zote ikiwemo Jumamosi. Mzee akaitika. Jumamosi inayofuata tutaona, mimi nina wasiwasi nao.

Lile neno la mzee limeendelea kuzunguka mtaani, madada wanalitumia sa hivi kama utani, mtu akikuta soda yangu imefunguliwa ananiuliza "ilikuwa ya nani". Kwenye grupu la WhatsApp halijaandikwa na mtu hata mara moja. Grupu lilirudi kwenye mambo yake: nani anauza kiwanja Nala, nani ana namba ya boza, pongezi kwa mwanagrupu aliyeteuliwa. Na zabibu, maana ni msimu, kuna dada anazileta kutoka Hombolo anapima kwa kisado, nyeusi, tamu kabisa. Watu wa treni wanabeba maboksi Ijumaa wanapelekea watoto. Bunge likikaa bei ya kila kitu inapanda, bajaji hazitaki kushare zinataka spesho tu, kwa hiyo kama unataka kisado wahi.

Kuna moja tu limebaki la kikao. Mwenyekiti aliingiza ajenda ya mwisho wakati watu wameshasimama, ulinzi shirikishi, kwa sababu wezi nao wanajua ratiba ya treni kama mama wa genge anavyoijua, na wiki mbili zilizopita kuna nyumba imefunguliwa Ijumaa usiku wakabeba tivii na pampu ya maji. Vijana wa kuzunguka usiku wamepatikana, wote ni wa nyumba za nyuma, akiwemo mtoto mkubwa wa yule mzee. Mchango ni elfu tano kila nyumba kwa mwezi. Nyumba za nyuma zimeshalipa nyingi, daftari liko hapa dukani kwangu nimelikabidhiwa, nimeona majina. Za mageti bado. Kama wewe ni mtu wa mtaa wetu na unasoma hii ukiwa kwenye treni, namba ya kutuma iko kwenye grupu, imebandikwa juu kabisa, na ukishatuma niandikie jina la nyumba siyo jina lako, maana majina yenu kwa kweli wengi hatuyajui.